Gari jipya la umeme: Mnunuzi asigeuzwe mkaguzi

Machi 2016 kampuni ya Tesla ya Marekani ilizindua gari la umeme la Model 3 na kutangaza kuwa bei yake ingeanzia dola 35,000. Ndani ya wiki moja zaidi ya watu 300,000 waliweka oda, wengi wakitanguliza dola 1,000 kwa gari ambalo hawajaligusa na ambalo kiwanda kilikuwa hakijaanza hata kulitengeneza.

Magari ya kwanza yalikabidhiwa Julai 2017, na malalamiko hayakukawia. Kulikuwa na milango isiyokaa sawa na bodi, boneti yenye mwanya mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na rangi yenye dosari. Sandy Munro, mhandisi wa Michigan ambaye kazi yake ni kufungua magari kipande kwa kipande ili kukokotoa gharama, aliiponda bodi ya gari hilo mwaka 2018. Alipofika kwenye vifaa vya kielektroniki, mhandisi huyo huyo alivimwagia sifa.

Utafiti wa J.D. Power wa mwaka 2020, unaohesabu matatizo ya siku 90 za mwanzo, uliikuta Tesla na matatizo 250 kwa kila magari 100, wakati wastani wa soko ulikuwa 166. Hata hivyo, Februari 2019 jarida la Consumer Reports lilipoacha kuipendekeza Model 3 kwa sababu ya matatizo ya uimara, tafiti zake lenyewe zilionyesha wamiliki wa gari hilo kuwa miongoni mwa walioridhika kupita wote.

Inawezekanaje mtu akabidhiwe kitu chenye kasoro na bado aridhike? Jibu liko kwenye kile anacholinganisha nacho. Wanunuzi wa mwanzo walilinganisha na gari la petroli waliloliacha: hakuna foleni ya kituo cha mafuta, hakuna kumwaga oili, na gari linaruka mara tu mguu unapogusa pedeli. Mbele ya hayo, mwanya wa mlango ni jambo dogo. Tena wengi wao walikuwa wapenzi wa teknolojia, na mpenzi husamehe mengi. Anayekuja baada yao ni mtu mwingine. Ni mwalimu au muuguzi aliyekopa benki, aliyezoea Toyota ambayo haijawahi kumsumbua. Huyo hanunui ndoto, ananunua usafiri.

Watetezi wa kampuni hupenda kusema kuwa gari la umeme linaboreshwa kwa programu likiwa limeegeshwa nyumbani. Ni kweli, na mfano upo. Mei 2018 Consumer Reports ilikuta Model 3 inachukua mita nyingi mno kusimama. Kampuni ilituma programu mpya hewani, na katika muda wa siku chache umbali wa kusimama ukapungua kwa karibu mita sita. Lakini hakuna programu inayonyoosha mlango. Wala hakuna inayoshikilia gundi: Machi 2025 Tesla ililazimika kuita zaidi ya magari 46,000 ya Cybertruck kwa sababu kipande cha chuma cha nje, kilichogandishwa kwa gundi, kingeweza kubanduka njiani.

Elon Musk mwenyewe, akizungumza na Munro Februari 2021, alikiri kuwa wakati wa kuongeza kasi ya uzalishaji rangi haikupata muda wa kutosha kukauka. Ushauri wake ni kununua mwanzoni kabisa, au kungoja uzalishaji utulie. Ushauri huo ungekuwa na maana zaidi kama ungebandikwa pamoja na bei. Mnunuzi atajuaje kama kiwanda kimetulia?

Hapa ndipo penye uzito kiuchumi. Kukagua bidhaa kunagharimu muda, watu na fedha. Kiwanda kinapoachia gari litoke na kasoro kikijua litarekebishwa baadaye, gharama hiyo haipotei, bali inahamia kwa mteja anayekosa siku ya kazi akilipeleka gari gereji. Mkulima aliyewahi kuuza viazi kwa lumbesa ataelewa haraka. Bei ya gunia ni ile ile, ila kilichomo si kile walichokubaliana.

Kwa hiyo gari jipya likaguliwe mchana, nje, kabla ya kusaini. Kasoro iandikwe na kupigwa picha, na muuzaji aweke saini yake pia. Lakini asiishie kwenye mianya ya milango, maana fedha nyingi ziko chini ya sakafu, kwenye betri. Mwaka 2012 wenye Nissan Leaf huko Arizona, jimbo lenye joto kali, waliona uwezo wa betri zao ukishuka upesi kuliko walivyotarajia. Betri hizo hazikuwa na mfumo wa kupozwa kwa kimiminika. Bodi zilikuwa nzuri, bila mwanya wa kulalamikia. Baada ya kelele, Nissan iliweka dhamana ya uwezo wa betri kwa miaka mitano au maili 60,000. Kwa Model 3 dhamana ya betri ni miaka minane, kukiwa na kikomo cha umbali, na uwezo usishuke chini ya asilimia 70.

Leaf zilizotumika kutoka Japani zimekwishafika Nairobi, na joto la Mombasa au Dar es Salaam si la mchezo. Anayeuziwa gari, bajaji au pikipiki ya umeme aulize betri ikishuka hadi asilimia ngapi inabadilishwa, nani anapima, na kipimo kiko mji gani. Kampuni kama Ampersand, inayohudumia bodaboda wa Kigali na Nairobi, hubaki na betri na kumbadilishia dereva iliyojaa. Ikichoka mapema, hasara ni ya kampuni.