Kambi zimefungwa, lakini makao yako wapi?

Sisi wanafunzi tulipoanza kufundisha vijana wa kanisa habari za watu wasio na makao, tuliwaza watoto wa barabarani tu. Lakini Februari 2025 kambi za Bulengo na Lushagala, karibu na Goma, ziliondolewa. Wengi walirudi Masisi, na kati yao kuna waliokuta nyumba zimebomoka. Wengine walibaki mjini, wanalala chini kwa jamaa. Siku moja kijana akainua mkono: “Mimi ni mmoja wao.” Tulikuwa tumeketi naye miezi mingi bila kujua. Kutoka kambini si kupata makao. Basi, kabla ya kusema wakimbizi wamerudi, tumuulize jirani yetu wa benchi analala wapi.