Kabla ya Posa, Ulizaneni Habari za Moyo

Vijana wa siku hizi tunajitahidi. Kabla ya posa tunaulizana dini, kazi, hata madeni, na wengi tunakwenda kupima VVU pamoja. Lakini ni wangapi tunaulizana, "Kwenu kuna mtu aliyeanguka ghafla akafariki angali kijana?"

Kwetu yupo. Baba alianguka mchana kweupe akiwa na miaka 41, wala hakuwa anaumwa. Msibani maneno yakawa mengi: mara karogwa, mara kalishwa sumu. Miaka ikapita, mdogo wangu naye akazimia akicheza mpira hapa Tegeta. Alipopimwa umeme wa moyo na eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ndipo tukapata jina: haipatrofiki kadiomayopathi. Misuli ya moyo inanenepa kupita kiasi, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Uchunguzi ulionyesha ugonjwa huohuo kwa kiungo wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, aliyefariki baada ya kuanguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28.

Mara nyingi ugonjwa huu hurithiwa. Mzazi akiwa na kasoro hiyo kwenye vinasaba, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Kwetu tulipima wote wanne. Wawili hawajaonekana nao. Mdogo wangu anao, na mimi ninao.

Sasa mchumba unamwambiaje? Mama alinishika mkono: "Mwanangu, nyamaza, utakosa mume." Nikamwambia mwenzangu kabla barua ya posa haijaletwa. Akakaa kimya weee, kisha akauliza, "Na watoto wetu je?" Nikamjibu ukweli: nusu kwa nusu. Siku tisa hakupiga simu. Ya kumi akaja na swali moja tu: "Kliniki yako ni lini?"

Tulikwenda wote. Daktari akatueleza kwamba wengi wanaishi miaka mingi wakifuatiliwa, wengine kwa dawa, wengine kwa kuwekewa kifaa cha kushtua moyo. Mazoezi yana mipaka yake, na mimba inapangwa na daktari mapema. Ndugu walioonekana salama nao warudie kipimo, maana ugonjwa unaweza kujitokeza baadaye.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama kwenu kuna aliyefariki ghafla, au mtu anazimia, anabanwa kifua au kuishiwa pumzi akikimbia, msikimbilie kusema ni mapepo. Nendeni hospitali, waelezeni historia ya familia. Dar tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili.

Mchumba yule sasa ndiye mume wangu. Mtoto bado tunajadiliana, na siku nyingine hatuelewani. Ila tunajadiliana tukiwa wawili, kila mmoja akijua anachokizungumzia.

Tukutane mwezi ujao.