Omba Pesa za Mpira kwa Jina la Mpira



Kama unaishi Timau unalijua lori la maua. Linatoka shambani jioni, linashika barabara ya Nanyuki kuelekea uwanja wa ndege Nairobi, na baada ya siku chache maua aliyoyakata mama yako au dada yako yako dukani Uholanzi au Uingereza. Njia ya kutoka hapa kwenda Ulaya tunaijua vizuri. Lakini muulize kijana yeyote anayecheza mpira hapa kwetu: je, kwenye njia hiyo hiyo kuna kitu kinachorudi? Si msaada wa mtalii, hapana. Pesa ya umma, kodi ya watu wa huko, iliyotengwa kwa ajili ya michezo na vijana, na ambayo kikundi cha Timau kinaweza kuiomba. Atakuambia hakuna, au atakuambia hizo ni za watu wa Nairobi.

Zipo. Na leo nataka tuongee jinsi ya kuzitafuta, ila kwanza tuongee jinsi ya kutozitafuta, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunauzwa bila kujua.

Kuna jamaa alikuja kukutana na sisi baada ya swala ya Ijumaa. Alijitambulisha kuwa mtaalamu wa kuandika miradi. Timu yetu ilikuwa vijana wa madrasa na majirani zao Wakristo, jezi za kuazima, mpira mmoja wenye viraka. Tukamwambia shida yetu: magoli yenye nyavu, mipira, na kocha wa kike, maana wasichana nao wanataka kucheza na wazazi wanauliza nani atakuwa nao. Akasikiliza, akafunga daftari lake. Akasema hiyo haiuziki. "Andikeni kwamba vijana wenu wako katika hatari ya kuingizwa kwenye itikadi kali. Isiolo iko hapo karibu. Wazungu wataelewa haraka." Kisha akaitisha pesa ya fomu.

Nakiri kwamba tuliyumba. Mwenzetu mmoja alisema pesa ni pesa, bora watoto wacheze. Tulibishana mpaka Alasiri. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akauliza swali moja tu: "Na kwenye hiyo karatasi mtaandika jina la nani?"

Fikiria swali hilo. Kila mradi una orodha ya waliohudhuria: jina, nambari ya simu, sahihi, wakati mwingine nambari ya kitambulisho. Kama mradi ni wa mpira, hiyo ni orodha ya wachezaji. Kama mradi ni wa kuzuia itikadi kali, hiyo ni orodha ya nani? Mtoto wa miaka kumi na minne amekuja kupiga mpira, ameweka sahihi ili apewe soda, na sasa jina lake liko kwenye faili la vijana "walio hatarini". Na hii ni nchi ambayo vijana wa Kiislamu wametoweka na mama zao bado wanazunguka na picha. Haki Africa waliandika ripoti kuhusu mauaji na kutoweka kwa watu Pwani mwaka wa 2016. Isome kabla hujampa mtu orodha ya majina ya watoto wa jirani.

Huyo jamaa hakuyatoa maneno yale hewani, lazima tuwe wakweli. Lugha hiyo ilikuja na pesa. Kuanzia 2014 Umoja wa Ulaya ulilipia mradi wa STRIVE katika Pembe ya Afrika, ukiendeshwa na taasisi ya RUSI ya London. Awamu ya pili ilifanyika hapa Kenya kwa pesa za mfuko wa dharura kwa ajili ya Afrika ambao Ulaya iliuzindua mjini Valletta, Malta, Novemba 2015. Sisemi miradi ya aina hiyo haikumfaa mtu. Kijana aliyepata mtu mzima wa kumsikiliza amepata kitu. Ninachosema ni kwamba waandishi wa miradi walijifunza haraka neno gani linafungua mkoba, wakaanza kulipaka kila kitu: cherehani, kuku wa mayai, mpira wa miguu. Ikawa Mwislamu akitaka mpira lazima kwanza akiri kwamba bila mpira angekuwa hatari. Jirani yake Mkristo kwenye timu hiyo hiyo haulizwi hivyo. Kwani sisi tunacheza namba gani uwanjani, namba ya mshukiwa?

Wapo waliopata pesa za michezo bila kujipaka tope hilo. Mathare Youth Sports Association, MYSA, ilianza 1987 Nairobi katika mtaa ambao magazeti yaliuita kila jina baya. Wao walipanga ligi ya watoto na wakaweka sheria: timu ikitoka kuzoa takataka mtaani inapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Mwaka wa 1990 wakapeleka timu Norway Cup mjini Oslo, urafiki na Norway ukakua, na 2008 Mathare United wakawa mabingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Kule Kilifi, Moving the Goalposts ilianza 2001 na mpira wa wasichana, wakati watu bado wanabishana kama msichana anafaa kugusa mpira. (Ukiambiwa hijabu hairuhusiwi uwanjani, jibu ni kwamba bodi ya sheria za mpira duniani iliruhusu kitambaa cha kichwa rasmi Machi 2014. Hilo limekwisha.) Na serikali ya Ujerumani, kupitia GIZ, ilianza programu ya michezo kwa maendeleo barani Afrika mwaka 2014, na Kenya imekuwa mojawapo ya nchi zake. Humo mpira uliingia kama mpira, kama elimu, kama afya.

Hata Umoja wa Ulaya wenyewe sasa una lugha nyingine, na ni juu yako kuitumia. Oktoba 2022 ulitoa mpango wa kazi kuhusu vijana katika uhusiano wake na nchi za nje, wa kufika 2027, na humo kijana anaitwa mshirika: ashirikishwe, awezeshwe, aunganishwe na wenzake. Ndani yake kuna mfuko wa euro milioni 10 wa miradi midogo inayoongozwa na vijana wenyewe, unaopitia mashirika makubwa sita ya vijana duniani, wakiwemo maskauti na Msalaba Mwekundu. Ukiwa na rafiki skauti, anzia kwake kuuliza.

Milango mingine iko hivi. Wengi wanakimbilia Erasmus+ kwa sababu jina ni kubwa na pesa ni nyingi, zaidi ya euro bilioni 26 kwa miaka ya 2021 hadi 2027. Usikimbilie bila kusoma. Sehemu yake ya michezo imeelekezwa hasa kwa nchi za Ulaya zenyewe na majirani zao. Lakini ina sehemu ya mabadilishano ya vijana kwa njia ya mtandao, ya umri wa miaka 13 hadi 30, na Afrika kusini ya Sahara imo. Huko huendi peke yako, lazima shirika la Ulaya liongoze na wewe uwe mshirika. Kwa hivyo yule binamu aliye Leicester au Minneapolis, wa Leicester ana faida, ila si sana: Uingereza ilishatoka kwenye Umoja wa Ulaya. Tafuta aliye Uswidi, Ujerumani au Uholanzi, na umwombe akutambulishe kwa klabu ya mtaani kwake. Klabu halisi, yenye watoto.

Mlango ambao mimi ningeugonga kwanza ni wa ruzuku ndogo. Inakuwaje? Ubalozi wa Umoja wa Ulaya Nairobi unatangaza mwito, shirika kubwa linashinda, halafu shirika hilo linaruhusiwa kugawa sehemu ya pesa kwa vikundi vidogo. Sheria zao za misaada ya nje kwa kawaida zinaweka kikomo cha euro 60,000 kwa kila kikundi, na kwa kawaida kikundi kama chetu kinapata kidogo kuliko hapo. Uzuri wake ni kwamba huandikii Brussels. Unaandikia watu ambao unaweza kupanda matatu ukaenda kuwaona. Pia balozi moja moja, kama Ufini, Ujerumani, Poland, Chekia na Slovakia, zimekuwa na mifuko midogo ya miradi ya jamii hapa Kenya. Kiasi ni kidogo, fomu ni fupi, na ukifanya vizuri unapata barua ya kuonyesha kwingine. Na kumbuka: kuomba ni bure. Anayekuitisha pesa ya fomu ni tapeli, hata kama amevaa kanzu.

Sasa karatasi. Najua inachosha, lakini hapa ndipo timu nyingi zinaanguka. Sajili kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, na ofisi ni ile ya maendeleo ya jamii kwenye kaunti ndogo yenu. Mkitaka kuwa klabu kamili ya michezo, kuna Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Pata PIN ya KRA ya kikundi. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, watu watatu wa kuweka sahihi. Kama riba inawasumbua, benki zinazofuata sharia zipo hapa nchini. Usikubali pesa za timu zikae kwenye M-Pesa ya mwenyekiti, hata kama ni imamu.

Unafikiri ninatia chumvi? Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, MUHURI na Haki Africa waliwekwa kwenye orodha ya serikali ya wanaohusishwa na ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Walikwenda mahakamani Mombasa. Juni mahakama ilisema hawana uhusiano huo, na Novemba ikaamuru akaunti zifunguliwe. Miezi saba. Hayo ni mashirika yenye mawakili. Wewe mwenye timu ya mpira Timau utajitetea na nini kama huna hata risiti ya nyavu?

Kitu kingine ambacho wafadhili wa Ulaya wanauliza, na wako sawa kuuliza: mnalindaje watoto? Andikeni ukurasa mmoja. Nani anasafiri nao, kocha haruhusiwi kubaki peke yake na mtoto, malalamiko yanapelekwa kwa nani, na huyo nani asiwe kocha mwenyewe. Ukurasa huo usiandikwe na wanaume watano baada ya Isha. Waiteni kina mama. Kwetu waliongeza mambo mawili ambayo hakuna mwanamume aliyeyafikiria: mahali pa kubadilishia nguo, na mazoezi ya wasichana yaishe mapema kabla ya ukungu na giza kushuka.

Kwenye orodha ya majina, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Una haki ya kuuliza majina yanakwenda wapi, yanatunzwa kwa muda gani na nani atayaona. Uliza kwa maandishi kabla ya kusaini. Mfadhili mwenye nia safi hatakasirika.

Najua kuna atakayesema: pesa za Ulaya, baada ya yote tunayoyaona duniani, za nini? Ni swali la haki na kila kikundi kijibu chenyewe. Jibu langu ni kwamba hizo ni pesa za kodi, na walipa kodi wa Ulaya ni pamoja na mamilioni ya Waislamu. Zina masharti, na masharti yanasomeka: bendera ya nyota kumi na mbili kwenye ubao, ripoti, risiti, mara nyingi na sehemu mtakayochangia wenyewe. Linganisha na tuliyozoea. Kwa miaka mpira wa Kenya ulivaa majina ya kampuni za kamari kifuani, na mwaka wa 2019, mmoja wao alipogombana na serikali kuhusu kodi, akaondoka na vilabu vikabaki mikono mitupu. Hata mfuko wa serikali yetu wa michezo unalishwa na kodi ya kamari. Hapo hatuulizi sana, sijui kwa nini.

Yule mtaalamu tulimwambia hapana. Hakufurahi, alisema tutakaa na viraka vyetu. Tumeshasajili kikundi, na pendekezo letu la kurasa mbili liko kwenye meza ya watu. Sentensi ya kwanza inasema sisi ni vijana wa Timau, Waislamu na Wakristo, wavulana na wasichana, na tunataka kucheza mpira. Jibu bado. Jumamosi saa nne asubuhi tutakuwa kiwanjani, na mpira ni ule ule.