SEHEMU YA 6: KURUDI WODINI SI AIBU YA MAMA

Mama zangu wa Singida, leo sipindishi maneno. Mtoto katibiwa utapiamlo mkali, kapona, baada ya miezi karudi amekonda. Majirani: "Mama mzembe huyo, chakula dawa kakiuza." Acheni! Na sisi manesi tuache. Makaripio yetu ndiyo yanamfanya mama ajifiche nyumbani mpaka mtoto anavimba miguu.

Kwetu mvua ni msimu mmoja. Januari na Februari akiba imekwisha, mama yuko shambani anapalilia, mtoto kaachiwa uji mtupu. Akiharisha siku tatu tu, uzito alioupata unaondoka. Hapo uzembe uko wapi?

Angalieni mstari kwenye kadi ya kliniki: unapanda, unashuka, unapanda tena. Ndivyo kupona kulivyo. Kushuka si kosa, kosa ni kukaa nako kimya. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili ikivimba, mlete siku hiyohiyo.

Baba, toa nauli, lawama weka pembeni. Na wewe mama uliyerudi mapema, hujashindwa. Umemuwahi mwanao.