Barafu Isiyo Baridi

Mwanafunzi wa Kiswahili apangaye chumba Amalemba, Kakamega, ni jirani wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Haifai istilahi za fizikia awaachie wanafizikia pekee. Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walipanga visumaku vidogo mno. Vinne vikutanapo, aghalabu viwili huelekeza ncha ndani na viwili nje, mithili ya hidrojeni kandokando ya oksijeni katika barafu: mbili karibu, mbili mbali. Hakuna kiamuacho peke yake. Vikiwa vyembamba vya kutosha, joto lipunguapo kundi zima huhama kutoka vurugu hadi mpangilio. Mfasiri atakayeandika “barafu ya mzunguko” atapotosha, kwani hapo hakuna kizungukacho. “Barafu-spini bandia” yatosha. Spini na ikopwe, kama ilivyokopwa hidrojeni.