Idhini au Utambulisho? Tatizo la Kutafsiri Kichwa cha Ombi la Wavuti

Ombi ambalo programu hulipeleka kwa seva ya wavuti hutanguliwa na mistari ya maelezo iitwayo vichwa. Kichwa cha "Accept" hutaja muundo wa jibu linalotakiwa, kwa mfano JSON au XML, nacho hakimsumbui mfasiri. Utata umo katika "Authorization". Jina hilo lamaanisha utoaji wa idhini, ilhali kinachobebwa humo ni uthibitisho wa utambulisho: jina na nywila, au tokeni. Kasoro hii imo tangu maelezo ya HTTP 1.0 ya mwaka 1996, ambamo jibu namba 401 liliitwa "Unauthorized", yaani asiye na idhini. Maelezo rasmi ya mwaka 2022 yamelibakiza jina, ingawa yenyewe yaeleza kwamba ombi limekosa uthibitisho halali wa utambulisho. Aliyetambuliwa lakini haruhusiwi hujibiwa 403. (Humohumo kimo kichwa "Referer", kilichopungukiwa herufi r moja; Kiingereza cha wahandisi si kigezo.)

Hivyo, mfasiri anayeandika "huna idhini" kwa 401 hufuata umbo la neno na kuiacha dhana. Madhara yake ni dhahiri: mtumiaji hukata tamaa, kumbe alitakiwa kujitambulisha tu. Jina la kichwa halina budi kubaki, kwani seva haitambui jingine. Ujumbe wa Kiswahili, hata hivyo, useme "hujatambuliwa" kwa 401 na "huruhusiwi" kwa 403.