Kigezo Kimoja cha Kuandika na Kusoma Tarehe

Programu ya kompyuta inayoshughulika na tarehe hufanya kazi mbili zilizo kinyume: huigeuza tarehe kuwa maandishi, na baadaye huyageuza maandishi hayo kuwa tarehe tena. Katika lugha ya Python kazi ya kwanza hufanywa na amri strftime, na ya pili na amri strptime. Zote mbili huongozwa na kigezo, yaani mfuatano mfupi wa alama uonyeshao mahali pa siku, mwezi na mwaka. Kigezo %d/%m/%Y maana yake ni siku, kisha mwezi, kisha mwaka wa tarakimu nne.

Ni desturi mbaya kuandika kigezo hicho mara mbili, mahali pawili. Ikiwa sehemu inayoandika hutanguliza siku, kama ilivyo desturi ya Afrika Mashariki, na inayosoma hutanguliza mwezi, kama ilivyo Marekani, matokeo ni ya ajabu. Siku ya Muungano, 26/04/1964, itakataliwa mara moja, kwani hakuna mwezi wa 26. Siku ya uhuru wa Kenya, 12/12/1963, itasomwa sawasawa kwa bahati tu. Lakini siku ya uhuru wa Tanganyika, 09/12/1961, itageuka kuwa 12 Septemba, na kompyuta haitatoa onyo lolote. Kosa la kimya namna hiyo likiingia katika tarehe za chanjo za watoto, madhara yake si madogo.

Kwa hiyo kigezo hakina budi kuandikwa mara moja, kipewe jina, na jina hilo litumiwe na sehemu zote mbili.

Hata hivyo, kigezo chenye upungufu hakiponi kwa kutumiwa na wote. Alama %y huandika mwaka kwa tarakimu mbili; 1961 huwa 61. Amri strptime huchukua 69 hadi 99 kuwa 1969 hadi 1999, na 00 hadi 68 kuwa 2000 hadi 2068. Hivyo uhuru wa Tanganyika husogezwa hadi 2061!

Wako wanaodai kwamba mpangilio wa kupendeza macho hubadilika mara kwa mara, na kwamba kuufunga pamoja na usomaji ni kuleta vurugu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini dawa yake ni kutenganisha maandishi ya kuonyeshwa watu na yale ya kuhifadhiwa. Haya ya pili yafuate kanuni ya ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988: 1961-12-09.

Zoezi lifaalo darasani ni jepesi: tarehe iandikwe, isomwe tena, kisha ilinganishwe na ile ya kwanza. Isiporudi ilivyokuwa, programu haijawa tayari.